Lami Hailipi Pango

Nyumba ya kwanza ya kupangisha katika senta iliyodorora ya wilaya ya Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, inapaswa kupimwa kwa kipato cha wapangaji wake kwa miezi yote 12. Hata hivyo, karibu kila mnunuzi mpya huuliza jambo lilelile: lami ikifika, bei itapanda kiasi gani? Swali hilo halimfikishi popote. Mpangaji hulipa kodi kwa sababu mwezi huo ana hela, basi.

Na hela ya wilaya hizi ina msimu. Kahawa huanza kuvunwa karibu na Mei, na malipo yake ndiyo huzungusha maduka, bodaboda na vibanda vya chakula. Anayekagua nyumba Agosti hukuta vyumba vimejaa. Akirudi Machi hukuta makufuli. Senta zilizo jirani na machimbo ya madini ya bati ya Kyerwa hupanda na kushuka na bei ya dunia, na Murongo hutegemea hali ya mpaka wa Uganda. Penye mishahara ni tofauti: Kayanga, Nyakahanga kwenye hospitali, na makao makuu ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mwalimu na muuguzi hulipa hata kahawa isipochumwa.

Imani ya lami lazima ivunjwe kabisa, maana inateketeza akiba za watu. Kwanza, muuzaji naye amesikia tetesi za barabara, na tayari ameziweka kwenye bei. Anayenunua hulipia leo faida ambayo huenda isije. Pili, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Jengo lililochorwa alama ya X nyekundu huhesabiwa limevamia hifadhi, na mwenyewe halipwi. X ya kijani hupewa jengo lililokutwa na upanuzi huo, nalo hulipwa fidia. Lakini fidia hufuata orodha ya uthamini, na jina lililoandikwa humo ni la muuzaji. Kununua nyumba "barabarani kabisa" bila kushika futi kamba na kupima ni uzembe usio na utetezi. Tatu, lami hurahisisha kupita. Tangu barabara ya Kyaka hadi Bugene iwekwe lami, safari ya Bukoba imekuwa nyepesi, na msafiri asiyelala njiani hahitaji chumba.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua mfano wa nyumba ya vyumba 6 inayouzwa shilingi milioni 18, kila chumba shilingi 20,000 kwa mwezi. Dalali atasema inaingiza 1,440,000 kwa mwaka. Vyumba viwili vikikaa wazi nusu mwaka, zinatoka 240,000. Shimo la choo, mabati na plasta zikila 200,000 nyingine, inabaki milioni moja. Fedha ya mnunuzi itarudi baada ya miaka 18, kabla ya kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Karatasi nazo zisipuuzwe. Ardhi ya kijiji haiuzwi kihalali kwa sahihi ya mwenyekiti peke yake. Idhini ya halmashauri ya kijiji inahitajika. Nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mke au mume, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwenye kibanja cha ukoo, muuzaji anayedai dada zake hawana sauti anamdanganya mnunuzi: Mahakama Kuu ilishaamua mwaka 1990, katika kesi iliyotoka Kagera, kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi.

Njia zilizobaki ni hizi. Kudai risiti za LUKU za mwaka mzima, kwani umeme usionunuliwa huonyesha vyumba visivyo na watu. Kuzungumza na wapangaji bila dalali kuwepo. Kushusha bei kwa kutumia kodi ya miezi mikavu. Kununua kiwanja kilichopimwa karibu na shule au hospitali, na kujenga vyumba viwili viwili. Kupangisha fremu badala ya vyumba, ikiwa soko la siku lina watu. Au kuacha. Mkopo wa marejesho ya kila mwezi usiguswe kabisa kwa nyumba ambayo wapangaji wake hulipa kwa msimu.