Dozi Ndogo (2): Kidonge cha Lambarène na Bahasha za London

Juma lililopita nilieleza jinsi mtindo wa kumeza dozi ndogo mno ya dawa za njozi, kama LSD na uyoga wa psilosaibini, ulivyoenea Marekani na Ulaya baada ya kitabu cha James Fadiman cha 2011: sehemu ya kumi hivi ya dozi ya kawaida, leo unameza, siku mbili unapumzika. Hapa kwetu Muhuta, kati ya Bujumbura na Rumonge, wengi watasema hayo ni mambo ya Wazungu. Sivyo.

Mvuvi wa ndagala wa Gitaza huingia ziwani jua likizama. Taa zikishawashwa, kazi ni kungoja, na usingizi ndio adui. Wawindaji wa misitu ya Gabon walikuwa na shida hiyo hiyo, wakatafuna kidogo magome ya mzizi wa kichaka kiitwacho iboga. Kidogo humfanya mtu akeshe. Kingi, kile anacholishwa anayeingizwa katika dini ya Bwiti, humtia katika njozi usiku kucha. Wafaransa walitenga kiini cha iboga, ibogaini, mwaka 1901. Kuanzia 1939 wakauza kidonge walichokiita Lambarène, jina la mji wa Gabon, chenye miligramu 8 hivi za ibogaini, kwa waliochoka na waliosononeka. Kiliuzwa miaka kama 30. Inaniuma kwamba wanaosifia dozi ndogo leo hawawataji wawindaji wale.

Je, inasaidia? Mwaka 2021 Balázs Szigeti na wenzake wa Imperial College London walichapisha utafiti wa watu 191 waliokuwa na dawa zao wenyewe. Kila mmoja alijaza dawa katika kapsuli zisizoonyesha kilichomo, akaandaa nyingine tupu, akazitia kwenye bahasha zenye alama za kusomwa na kompyuta, akazichanganya hadi asijue ipi ni ipi. Wakameza kwa wiki nne. Waliopata dawa walijisikia vizuri zaidi kuliko mwanzo. Waliomeza kapsuli tupu nao vilevile, kwa kiasi kinachokaribiana. Nafuu yao ilikuwa ya kweli, ila sifa zilikwenda kwa dawa wakati kazi kubwa ilifanywa na matumaini.

Hatari nayo ipo. LSD na psilosaibini hugusa vipokezi vilivyomo kwenye vali za moyo. Fenfluramini, dawa ya kupunguza unene iliyogusa vipokezi hivyo, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 kwa kuharibu vali. Dozi ndogo inayorudiwa miezi kwa miezi haijachunguzwa vya kutosha. Ibogaini huvuruga mapigo ya moyo, na imewahi kuua. Tena dozi ndogo ya LSD ni mikrogramu 10 hivi, uzito usioonekana kwenye mizani ya duka lolote la dawa kati ya Bujumbura na Rumonge. Kijana anayeuziwa kwa siri hawezi kujua amemeza kiasi gani.

Dozi kubwa inayotolewa mara moja au mbili mbele ya tabibu ni habari nyingine kabisa. Hiyo tutaitazama juma lijalo.