Mshindi wa Majaji, Mshindi wa Watazamaji

Katika misimu 6 ya Tusker Project Fame, shindano la kuimba la televisheni la Afrika Mashariki, kuanzia 2006 hadi 2013, Tanzania haikulitwaa taji hata mara moja. Kenya ililipata mara mbili, kwa Valerie Kimani mwaka 2006 na Ruth Matete mwaka 2012. Uganda nayo mara mbili: Esther Nabaasa 2008 na Davis Ntare 2010. Rwanda ikalibeba 2009 kupitia Alpha Rwirangira, na mwaka 2013 Hope Irakoze akalipeleka Burundi. Baada ya hapo shindano halikurudi tena.

Orodha hiyo yafaa kukumbukwa kila ubishi unapoanza kwamba mashindano ya kuimba ya televisheni hushindwa na nchi yenye watu wengi. Rwanda na Burundi, hata zikijumlishwa, zina watu wachache mno kuliko Tanzania peke yake. Kama kura ni hesabu ya vichwa tu, Peter Msechu asingebaki wa pili mwaka 2010 huku nyuma yake kuna taifa zima linalopenda muziki kama Tanzania.

Hata hivyo ubishi wenyewe haufi. Katika mtaa kama Kisumu Ndogo, Malindi, ambako Mgiriama, Mjaluo na mtu wa bara huishi ua mmoja na sauti ya televisheni ya jirani haina ukuta wa kuizuia, shindano la aina hii halitazamwi kimya. Kila mtu ni jaji. Yuko anayesikiliza pumzi na kuhesabu pale sauti ilipopotea. Yuko anayemtaka Mkenya, akiimba vizuri au vibaya. Na yuko yule anayeuliza swali ambalo Mpwani yeyote ana haki nalo: mbona wimbo wa Kizungu unarudi kila wiki, na wa bango au chakacha hausikiki?

Shindano lenyewe lilikuwa na asili ya mbali. Mtindo wa kuwafungia waimbaji katika akademia, kuwafundisha mbele ya kamera kisha kuwapandisha jukwaani mwisho wa wiki, ulianza Hispania mwaka 2001 kwa jina la Operación Triunfo. Ukaenea nchi nyingi, Afrika Kusini ikauonja, Nigeria na majirani zake wakapata wao, na wa Afrika Mashariki ukaandaliwa Nairobi kwa fedha za kampuni ya bia. Mshindi wa 2012 aliondoka na shilingi milioni 5 za Kenya. Si haba, kwa mtu aliyeingia akiwa hajulikani nje ya kanisa lake au chuo chake.

Uamuzi uligawanywa. Majaji, akiwemo Ian Mbugua wa Kenya, Juliana Kanyomozi wa Uganda na Hermy B wa Tanzania, walisema yao, na maneno ya Mbugua yalikuwa makali kiasi kwamba wengine waliwasha televisheni ili kumsikia yeye zaidi ya waimbaji. Lakini taji lilikuwa mikononi mwa watazamaji, kwa ujumbe mfupi wa simu, na ujumbe ulilipiwa. Mwenye kredi ya kutosha alituma mara nyingi alivyotaka. Mwenye shilingi 20 za mwisho alichagua: apige kura, au ampigie mtu simu kesho kutafuta kibarua.

Hapo ndipo lawama nyingi zilipozaliwa, na nyingi zina mantiki. Chukulia Wakenya wanne wamebaki kwenye akademia na Mrundi ni mmoja. Kura za Kenya zitagawanyika mafungu manne. Za Burundi zitakwenda mahali pamoja, na pengine za majirani wanaomwona mnyonge zitamfuata. Hilo halithibitishi kwamba Irakoze alibebwa. Sauti alikuwa nayo. Linaeleza tu kwa nini nchi kubwa inaweza kupiga kelele zaidi na bado ikashindwa.

Mashindano ya nyimbo ya Ulaya, Eurovision, yaliyoanza 1956 mjini Lugano, Uswisi, yamelitatua jambo hili kwa kanuni moja nyepesi: mtazamaji haruhusiwi kuipigia nchi yake. Mfaransa hawezi kumpa Mfaransa. Kanuni kama hiyo ingeletwa Afrika Mashariki, Mtanzania angelazimika kumsikiliza Mganda kwa masikio yake mwenyewe, na Mkenya angetafuta sababu ya kumpenda Mnyarwanda. Ubishi wa Kisumu Ndogo ungebadilika sura usiku mmoja.

Lakini usingeisha. Ulaya wenyewe hawajaumaliza wa kwao. Tangu fainali ya 2009 wamegawa uzito nusu kwa majaji na nusu kwa watazamaji, na tangu 2016 alama za pande hizo mbili hutangazwa kando kando, kila mtu akaona nani alimpenda nani. Mwaka 2023 huko Liverpool, Käärijä wa Finland alipata alama 376 za watazamaji, mbele sana ya Loreen wa Sweden aliyepata 243. Majaji wakampa Loreen 340, na kikombe kikaenda Sweden. Ukumbi ulikuwa ukiliimba jina la wimbo wa Käärijä wakati hesabu ikisomwa. Wapo waliosema wananchi wamedhulumiwa. Wapo waliojibu kwamba kuimba ni kazi yenye mafundi wake, na fundi ndiye ajuaye.

Malindi si mgeni kabisa wa mambo hayo. Waitalia wamekuwa hapa tangu enzi za kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960, na wengi waliofuata wakajenga, wakaoa, wakafungua hoteli. Mwezi wa Februari wengi wao hutazama tamasha lao la nyimbo la Sanremo, lililoanza 1951 na ambalo Eurovision iliiga mfano wake. Kundi la Måneskin lilishinda Sanremo mwaka 2021, na miezi michache baadaye likaishinda Ulaya nzima, kwa kura za watazamaji zaidi ya za majaji. Mhudumu wa hoteli anayerudi Kisumu Ndogo usiku huenda anazijua nyimbo hizo kuliko mwandishi wa muziki wa Nairobi.

Tena Pwani ilikuwa na namna yake ya kupiga kura kabla ya simu ya mkononi. Kwenye taarabu msikilizaji akiguswa huinuka, hucheza hadi mbele, humtunza mwimbaji noti mbele ya macho ya watu wote. Anayetunza huonekana, na mara nyingi anayelengwa na ule ubeti naye huonekana, akikaa kimya au akitabasamu kwa shida. Miaka ya 1990 Tanzania Bara, ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano uligawa mashabiki kwa namna ambayo mtumaji wa ujumbe mfupi angeielewa mara moja. Mwenye pesa alitunza zaidi, ndiyo. Lakini hakujificha nyuma ya namba, na alichokitunza zaidi ni maneno. Mtu aliyelelewa na masikio hayo humsikia mshiriki akipandisha sauti hadi darini na bado akauliza: amesema nini?

Labda ndiyo maana hukumu ya watazamaji haiishii usiku wa fainali. Amos na Josh, Wakenya walioshindwa na Irakoze mwaka 2013, walitoka akademia bila taji, kisha wakaachia “Baadaye” pamoja na Rabbit, anayejulikana sasa kama King Kaka, na wimbo ukachezwa kila mahali. Patricia Kihoro wa msimu wa 2009 hakushinda, lakini leo sura na sauti yake zinafahamika kwenye filamu na redio kuliko za washindi kadhaa. Kura hizo hazikuwa na tarehe ya mwisho wala ada ya ujumbe.

Kwa anayetaka kujaribu tena kupiga kura, mlango upo. Tangu 2023 Eurovision hupokea kura za mtandaoni kutoka nchi zisizoshiriki, Kenya ikiwemo, kwa kulipia na kadi ya benki. Fainali huanza saa nne usiku kwa saa za Malindi na huendelea hadi saa nane. Kura zote za nje, za Malindi, za Marekani, za Brazil, hujumlishwa na kuhesabiwa kama za nchi moja, yenye uzito sawa na San Marino, taifa ambalo watu wake wote hawafikii wakazi wa mji wa Malindi.