Viini Vinane, Kasi ya Viwili: Nani Anaila Zamu ya Mashine Pepe?

Mwandishi aliyeikimbia nchi yake hafungui hivi hivi kila waraka anaotumiwa kutoka nyumbani. Baadhi ya nyaraka huja na salamu nzuri na majina ya watu tunaowafahamu, kumbe ndani yake mna programu ya kupeleleza. Ndiyo maana sisi, kama wenzetu wengi walioko ughaibuni, huzifungulia ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na bati wala nyaya, inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli, na ambayo ikichafuka hufutwa ikaanzishwa upya.

Tabu ni kwamba mashine hiyo ikiwa nzito, watu huchoka nayo. Mwenye haraka huuacha utaratibu, akafungua waraka kwenye kompyuta yake yenyewe. Kwa hiyo kwetu suala la kasi si la mafundi peke yao.

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kuiongezea viini. Prosesa za siku hizi zina viini vinne, vinane au zaidi, vinavyoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Mtu akiona mashine pepe inasuasua, huipa vyote. Mara nyingi mambo huzidi kuharibika.

Tuanze na hesabu, ambayo msingi wake uliwekwa na Gene Amdahl, mhandisi wa Kimarekani, mwaka 1967. Chukua kazi inayomaliza dakika 60 kwa kiini kimoja. Tuseme dakika 12 kati ya hizo ni za mambo yasiyogawanyika, na 48 zinagawanyika. Kwa viini vinne, kazi itaisha kwa dakika 24. Kwa vinane, dakika 18. Kwa kumi na sita, 15. Hata ukileta viini elfu moja, hutashuka chini ya dakika 12. Na hiyo ni kabla ya mashine pepe kuingia katika habari!

Mashine pepe haina kiini cha kweli. Ina viini pepe, na kila kimoja husubiri mfumo endeshi mwenyeji ukipe zamu. Hapo ndipo kilipo kiini cha maneno. Programu zinazofanya kazi pamoja huwekeana kufuli, asiguse mtu kitu kimoja na mwenziwe kwa wakati mmoja. Sasa mwenyeji, bila kujua, anaweza kukisimamisha kiini pepe kilichoshika ufunguo. Ni kama mwenye ufunguo wa ghala kwenda kulala, na vibarua saba wamesimama mlangoni, kila mmoja analipwa kwa saa. Ukitazama kipimo utaona viini vyote vina shughuli tele, lakini hakuna gunia lililotoka.

Mifumo endeshi hutofautiana katika kugawa zamu hizo. Katika Linux, ambayo tangu Februari 2007 ina KVM ndani ya moyo wake, kiini pepe ni kazi ya kawaida inayopanga foleni pamoja na kazi nyingine zote, hata kivinjari chako. Uzuri wake ni kwamba unaweza kukifunga kiini pepe kwenye kiini maalumu cha kweli, kisihamehame. Kwa Windows yenye Hyper-V mambo yamepinduliwa: msimamizi wa mashine pepe hukaa chini kabisa, na Windows yenyewe hugeuka mpangaji, ingawa mpangaji mwenye upendeleo. Anayetumia VirtualBox juu ya Windows ya namna hiyo huenda akaona picha ya kobe pembeni ya dirisha. Si pambo, maana yake ni kwamba programu haiifikii prosesa moja kwa moja, bali inapitia kwa Hyper-V, na mwendo hupungua.

Kwa Mac zenye prosesa ya M1, iliyotoka Novemba 2020, kuna jingine: viini vinane, vinne vya mbio na vinne vya kubana umeme. Mfumo mgeni huviona vyote sawa. Ukiupa vinane, unaweza kuikabidhi kazi ngumu kwa kiini cha polepole bila kujua.

Kwa maoni yetu, mwenye prosesa ya viini vinne na aipe mashine pepe viwili, amwachie mwenyeji viwili. Kabla ya kubishana Linux ni bora au Windows, apime kazi moja ileile, kwa mfano kubana faili kubwa, kwa kiini kimoja, kisha viwili, kisha vinne. Na atumie saa ya ukutani, kwani saa ya ndani ya mashine pepe huweza kupitwa na wakati ikikosa zamu.

Kwa seva za kukodi, ambazo nyingi ni mashine pepe, kipimo ni chepesi. Katika Linux andika top, utazame tarakimu iliyo kando ya herufi st. Hiyo ni asilimia ya muda ambao kiini chako kilikuwa tayari kufanya kazi lakini mwenyeji akawapa zamu majirani. Kampuni moja, ambayo jina lake tunalihifadhi, ilitukodisha viini vinne. Kila habari kubwa ilipotoka na wasomaji wakamiminika, tarakimu hiyo ilipanda na kurasa zikagoma kufunguka. Tulihamia kwenye viini viwili visivyo na mshirika, tukapumua.

Majirani hao wana hatari nyingine pia. Agosti 2018 ilitangazwa kasoro ya prosesa za Intel iitwayo L1TF: mashine pepe mbili zikitumia kiini kimoja cha kweli, moja ingeweza kuchungulia data za mwenziwe. Windows Server 2019 ilikuja na upangaji wa zamu usiochanganya wageni wawili kwenye kiini kimoja. Linux ilipata uwezo kama huo katika toleo la 5.14 la mwaka 2021, lakini lazima msimamizi auwashe. Ulinzi huo hula sehemu ya kasi, na baadhi ya wasimamizi huuacha kwa sababu hiyo. Ndugu msomaji unayehifadhi majina ya watoa habari kwenye seva ya kukodi, mwandikie mwenye seva umuulize kama umewashwa.