Riziki ya Intaneti na Saa za Swala

Mwezi wa Oktoba 2024 serikali ya Kenya ilitangaza kibali kipya kwa wageni wakaao nchini huku wakifanya kazi za nchi za mbali kwa njia ya intaneti. Kwa watu wa Malindi na Kilifi jambo hili si geni. Mababu zetu waliwajua wafanyabiashara walioletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi. Kati ya pepo hizo walikaa miezi, wakauza, wakajifunza lugha, na wengi wao wakaswali katika misikiti yetu.

Tofauti ya leo ni saa. Anayemtumikia tajiri wa New York akiwa Malindi huanza kazi saa 10 au saa 11 jioni, kwa kufuata majira ya huko, na humaliza baada ya usiku wa manane. Asubuhi yake i wazi kwa magofu ya Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke au Mnarani, juu ya hori la Kilifi. Lakini Magharibi na Isha humkuta kazini, na Alfajiri humkuta usingizini.

Vijana wetu nao wameziingia kazi hizi, nyumbani na safarini. Nasaha yetu ni kwamba nafasi ya swala iombwe kabla ya kutia saini mkataba, si baadaye. Kazi ikiisha, mtu alale. Na kwa kuwa chakula cha usiku kitampita, cha mchana akile pamoja na jamaa zake. Sura ya Jumua imetuhimiza kutafuta riziki baada ya swala, si badala yake.