Vijana na Uhuru wa Kujieleza katika Intaneti

Neno «kujieleza» lina pande mbili. Mwanafunzi wa shule ya sekondari hulisikia kwanza kama amri: mwalimu humwambia «Jieleze!» anapomshuku kosa, naye hulazimika kutoa sababu. Katika sheria, neno hilo hilo limekuwa jina la haki. Tofauti hiyo si ya msamiati pekee. Katika jamii inayowafundisha watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kijana hudaiwa maelezo mara nyingi kuliko anavyoombwa maoni.

Hata hivyo, sheria ya kimataifa haina shaka. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 1989 na kuridhiwa na Kongo mwaka wa 1990, wakati nchi ikiitwa Zaire, unampa mtoto katika kifungu cha 13 haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo kwa chombo chochote akitakacho. Waliouandika hawakuijua intaneti kama ijulikanavyo leo, lakini maneno yao yanaienea.

Je, vijana wenyewe huiona vipi haki hiyo? Nchini Marekani, taasisi ya Pew Research Center iliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 17, mwaka wa 2022, lipi ni muhimu zaidi katika intaneti: watu kuweza kusema yaliyo moyoni kwa uhuru, au watu kujiona wamekaribishwa na wako salama. Asilimia 62 walichagua usalama, na 38 uhuru wa kusema. Kwa watu wazima waliopewa swali hilo, pande hizo mbili zilikaribiana: 50 kwa 47.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba vijana wamechoka na uhuru. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Swali lenyewe linatenganisha mambo ambayo katika maisha huenda pamoja, kwa maana anayetukanwa kila anapofungua kinywa hatimaye hunyamaza, na ukimya wake nao ni uhuru uliopotea. Tena, kutaka usalama mbele ya wenzao hakumaanishi kukubali kwamba mkuu wa shule awe mwamuzi wa kila neno.

Kesi moja ya Pennsylvania inaonyesha jambo hilo waziwazi. Mwaka wa 2017, msichana wa miaka 14, ambaye hati za mahakama zilimtaja kwa herufi B.L. tu, alikosa nafasi katika kundi la kwanza la washangiliaji wa shule yake, akabaki katika kundi la pili. Siku ya Jumamosi, akiwa dukani na rafiki yake, alituma katika Snapchat picha yao wakionyesha kidole cha kati, pamoja na tusi kwa shule, kwa ushangiliaji na kwa kila kitu. Alikuwa na marafiki wapatao 250 katika mtandao huo, ambako picha za namna hiyo hutoweka baada ya saa 24. Lakini mwenzake mmoja aliinakili, walimu wa kundi wakaiona, naye akaondolewa kundini kwa mwaka mzima. Wazazi wake wakaishtaki shule.

Kipimo kilichokuwapo kilitoka katika hukumu ya mwaka wa 1969, iliyowahusu wanafunzi waliovaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam: shule yaweza kuzuia tu usemi unaovuruga masomo kwa kiasi kikubwa. Mwaka wa 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa B.L. ushindi kwa kura 8 dhidi ya 1. Jaji Stephen Breyer alieleza kwamba nje ya shule kijana yuko chini ya wazazi; kwamba shule ikitawala pia usemi wa nyumbani, mwanafunzi hatabaki na saa hata moja ya kusema apendavyo; na kwamba shule yenyewe ina faida katika kulinda maoni yasiyopendwa. Kuhusu fujo iliyodaiwa, ilionekana kwamba mazungumzo darasani yalichukua dakika 5 hadi 10 za somo la aljebra, kwa siku chache tu.

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba mahakama haikuifunga shule mikono. Uonevu mkali dhidi ya mtu fulani na vitisho kwa walimu au wanafunzi vyaweza kuadhibiwa hata vikitumwa kutoka nyumbani. Tusi la B.L. halikumlenga mtu. Lingekuwa limemtaja mwanafunzi mwenzake siku baada ya siku, mizani ingeelemea upande mwingine, upande ule ule ambao wale asilimia 62 wanaujali.

Mwaka huo wa 2021 Kamati ya Haki za Mtoto ilitoa Maoni ya Jumla namba 25, baada ya kuwasikiliza watoto 709 wa nchi 28. Watoto hao hawakuomba kufungiwa intaneti. Waliomba serikali, kampuni na walimu wawasaidie kukabiliana na habari zisizoaminika. Kamati nayo ilizitaka serikali ziwalinde watoto wanaotoa maoni dhidi ya vitisho na dhidi ya udhibiti pia, zote mbili kwa pamoja, na zisiwashtaki kwa maoni yao isipokuwa wamevunja sheria ya jinai inayopatana na kifungu cha 13.