Chumba cha daraja la juu melini: ofa au mtego?

Wengi wetu hapa Stockholm tukipata siku mbili za mapumziko tunapanda na familia meli ya usiku ya kwenda Helsinki. Tiketi bei poa. Halafu wakati wa kulipa inakuja ofa: ongeza kidogo, upate chumba kikubwa, kifungua kinywa maalumu na vinywaji kwenye friji.

Tupige hesabu. Tuseme nyongeza ni kronor 1,400. Chai ya asubuhi ya wakubwa wawili na watoto wawili mngeinunua kwa 440. Soda na juisi mtakazokunywa kweli, 160. Jumla 600. Zile 800 zilizobaki unalipia dirisha na kitanda. Na kama hamnywi pombe, ile shampeni ya "bure" umeshailipia bila kuionja.

Kabla ya kubonyeza "lipa", uliza:

- Ofa ni ya watu wote chumbani, au wakubwa wawili tu?
- Chakula cha jioni kimo? Usidhani tu kwamba kimo.
- Bufee ina bei ya watoto? Soda zimo?

Meli zinatia nanga Åland, visiwa vya Ufini vilivyo nje ya eneo la VAT la Umoja wa Ulaya, ndiyo maana duka la ndani linauza bila kodi. Linganisha bei za soda hapo.

Mkikitaka chumba kikubwa, si dhambi. Ila kiwekeni akiba mapema. Kisilipwe na ada ya mtoto aliyeko nyumbani.