Daftari la Jumuiya

Ukitaja jina la Osmund, Engelbert au Otmar mbele ya karani wa Dar es Salaam, atakuuliza mara mbili, kisha atataka kujua kama babu yako alikuwa Mjerumani. Kigonsera hakuna anayeuliza. Hayo ndiyo majina ya babu zetu, na bibi zetu ni akina Hildegarda, Walburga na Kunigunda. Yamezoeleka midomoni mwa Wamatengo na Wangoni kiasi kwamba Bibi Kunigunda huitwa Kuni tu, na hakuna anayefikiria za kupikia. Majina hayo ya watakatifu yaliletwa kutoka Ujerumani na Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia, waliofika Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakafungua misheni hapa kwetu, mahali Ungoni unapoishia na milima ya Umatengo inapoanza kupanda.

Mimi si padre wala katekista. Ni mlei, na cheo changu pekee ni uandishi wa jumuiya: daftari la kurasa mia mbili lenye jalada lililokwisha kushonwa kwa uzi wa gunia. Nayasema haya nikiwa nalo magotini.

Misheni ilipofikisha miaka sita, nchi iliwaka. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa safarini kuja Peramiho, aliuawa na wapiganaji wa Majimaji pamoja na mabruda na masista aliofuatana nao. Mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa cha kutisha. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea kwa makumi, na kabla ya kitanzi padre aliingia gerezani akawafundisha baadhi yao na kuwabatiza. Siku hiyo inaadhimishwa kila mwaka pale Makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge, Songea. Wapo wanaosema dini na siasa ni kama maji na mafuta. Huku kwetu vilipakuliwa katika sahani moja tangu mwanzo, na chakula chenyewe kilikuwa kichungu.

Lakini kabla ya misheni Wamatengo walikuwa na sengu. Sengu ni mahali, na ni kikao. Wanaume wa ukoo mmoja, wenye mteremko mmoja wa mlima, yaani ntambo, walikula pamoja kwa mzee wao. Kila mke alileta chungu chake, na baada ya kunawa mikono ndipo maneno yalipoanza. Nani amevuka mpaka wa shamba? Mahari ya nani haijaisha? Mjane gani hana wa kumkatia nyasi za ngoro? Na ngoro si kazi ya mtu mmoja: mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, mwanamke anachimba katikati na kuzifukia kwa udongo, mpaka mlima mzima unabaki na vishimo kama sega la nyuki, vinavyoshika maji ya mvua yasichukue udongo. Asiye na mwenza au ndugu hawezi kulima ngoro. Sengu ilikuwepo kuhakikisha kila mtu ana ndugu.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika mikutano yao ya 1973 na 1976 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, wazee wa huku hawakuona jambo geni. Waliona sengu imevaa rozari. Tofauti ni moja, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote: kwenye sengu wanawake walileta chakula wakaondoka, kwenye jumuiya wanakaa. Si kukaa tu. Nimemwona mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akimkatiza mwenyekiti katikati ya sentensi, akamwambia, “Baba, hilo tulishalimaliza wiki iliyopita, soma mbele.” Na baba akasoma mbele.

Tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwezi wa sita baridi ya huku inauma na ukungu unafika mlangoni, kwa hiyo watu wanaingia na mablanketi mabegani. Mwenye nyumba ameweka kigoda, juu yake kitambaa cha kufuma, sanamu ya Bikira Maria na mshumaa ndani ya kopo la Blue Band. “Tumsifu Yesu Kristo.” “Milele, amina.” Injili ya Jumapili inasomwa mara mbili, kisha kila mmoja anarudia neno lililomgusa. Tuna mzee mmoja ambaye, iwe Injili ya mwana mpotevu, iwe ya arusi ya Kana, neno linalomgusa ni “baba”. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanafinyana wakisubiri alitamke. Baada ya maombi kikapu kinazunguka, na baada ya kikapu ni zamu yangu: nafungua daftari na kusoma. Zaka. Tegemeza jimbo. Ujenzi. Rambirambi. Mgonjwa. Nani ametoa, nani ameahidi, kiasi gani kimetoka na kimepelekwa kwa nani. Mwenye swali anauliza papo hapo, na wanauliza kweli. Shilingi 500 ya sabuni ya mgonjwa imewahi kutuchukua nusu saa.

Hapa ndipo nilipojifunza siasa. Sikujifunza kwa redio wala kwa mkutano wa hadhara. Mtu aliyezoea kumuuliza jirani yake habari za shilingi 500, na jirani akajibu bila kununa, amekwisha kuwa raia.

Kipato chetu ni kahawa, na michango inaifuata kahawa kama mbwa anavyomfuata mwindaji. Mavuno yanaanza Mei na kuendelea hadi kiangazi. Fedha zikitoka ndipo harusi zinafungwa, kipaimara kinafanyiwa sherehe, na ngoma za mganda na kioda zinasikika. Miezi ya mvua daftari langu linajaa neno “ahadi”. Na ndiyo miezi ya magoma. Asiyetoka huku huenda halijui neno hilo: ni kumuuzia mwenye fedha kahawa ambayo bado iko mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada au mtu yuko hospitalini. Serikali inakemea magoma, mahubiri yanakemea, lakini mnunuzi wa magoma mara nyingi ni muumini mwenzetu, na kiti chake kanisani ni cha mbele. Upande wa Ziwa Nyasa mambo ni hayo hayo kwa kalenda nyingine. Kule dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inalala ufukoni. Mkwe wangu wa Liuli ananiambia sadaka ya kwao inapanda na kushuka na mwezi. Yeye ni Mwanglikana, kama wengi wa upande ule, na arusi yetu ilitugharimu vikao vingi kuliko ng'ombe.

Sisemi jumuiya ni pepo. Ina mjeledi wake. Bila barua ya jumuiya hubatizi mtoto, hufungi ndoa, na ukifa ndugu zako wataulizwa kadi ya zaka. Katika parokia moja, sitaitaja, nilisimama na wafiwa jua likiwa utosini, jeneza liko kivulini, viongozi wanapekua kama marehemu alikuwa hai kikanisa. Alikuwa ameugua miaka miwili. Nasema wazi: hilo ni kosa. Sengu haikumwacha mtu bila kuzikwa kwa sababu ya deni, na Kanisa lisiwe gumu kuliko babu zetu.

Sasa siasa yenyewe. Kigonsera si mahali pa pembeni katika habari hizi. Benjamin Mkapa, rais wetu wa awamu ya tatu, alipita seminari ya hapa katika miaka ya 1950 kabla ya kwenda Pugu. Leo jina la Kigonsera linajulikana zaidi kwa sekondari ya serikali. Kapteni John Komba wa Lituhi, mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015, aliimbia chama chake, CCM, kwa sauti ambayo kila mwanakwaya wa Ruvuma anaitambua. Ukikisikia kikundi chake cha TOT unasikia kwaya ya parokia iliyovaa kijani. Na kule Litowa, wilaya ya Songea, miaka ya 1960 wakulima walianzisha Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma: walilima pamoja, wakawa na shule yao, wakachagua viongozi wao na kuwahoji. Nyerere, Mkatoliki mwenzetu ambaye mchakato wa kumtangaza mtakatifu umefunguliwa, aliipenda. Septemba 1969 TANU ikaivunja hata hivyo. Watu waliojizoeza kuulizana walionekana wanauliza sana.

Nilikuwa ukweni, kwenye kigango nisichokitaja, siku ya Jumapili tarehe 20 Agosti 2023, tamko la Baraza la Maaskofu kuhusu mkataba wa bandari na kampuni ya Dubai lilipokuwa likisomwa makanisani. Kanisa lilinyamaza hata watoto wakanyamaza. Baada ya Misa wanaume tulikaa chini ya mwembe, kila mtu akisifu. Ndipo mzee mmoja, fimbo yake katikati ya miguu, akasema polepole: “Maaskofu wameuliza mkataba wa bandari, wamefanya vyema. Na mimi ninaomba kuuliza zile fedha za bati tulizochanga mwaka juzi.” Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mwenyekiti akajibu, “Mzee wetu, hilo tutalileta kwenye kikao.” Mkwe wangu ananiambia kikao hicho bado hakijaitwa.

Tangu siku ile swali la mzee yule halijanitoka. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inadai, katika kanuni ya 537, kila parokia iwe na kamati ya fedha; kanuni ya 1287 inataka waamini wapewe hesabu ya walichotoa. Kanuni ya 287 inamzuia padre asishike sehemu hai katika vyama vya siasa. Ukizisoma pamoja unaona Kanisa linatuambia kitu: siasa ni kazi ya mlei, na mazoezi yake yaanzie kwenye kikapu. Sisi tumegeuza. Tunawaachia maaskofu waseme yaliyo yetu kuyasema, tunapiga makofi, kisha Jumatatu tunakwenda kwenye mkutano wa kijiji na kukaa kimya wakati mtendaji anaruka ukurasa wa matumizi. Na mwenyekiti wa jumuiya, mara nyingi, ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Mkono unaoshika rozari Jumamosi ndio unaogonga muhuri Jumatatu. Sasa kwa nini mkono huo uwe mwaminifu kwa shilingi 500 ya sabuni na uwe mzito kwa fedha za zahanati? Jibu langu ni fupi: kwenye sabuni tunauliza.

Woga nao upo, siufichi. Usiku wa 30 Aprili 2025 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alishambuliwa na kujeruhiwa pale makao makuu ya baraza, Kurasini. Jumamosi iliyofuata tulimwombea kwa jina. Ndugu mmoja aliaga kabla ya maombi, akasema ana mgeni. Simlaumu, ana watoto wanaosubiri ajira. Nimemwandika kwenye daftari kama “amehudhuria”, kwa sababu alihudhuria.

Halafu kuna wageni wa bati. Uchaguzi ukikaribia, Misa inaisha, kabla ya baraka ya mwisho mgeni anaitwa mbele. Anasema hakuja kwa siasa. Anatoa mabunda ya bati, saruji, vipaza sauti vya kwaya. Kwaya inaimba, vigelegele vinapigwa, na mwenye mapato ya mwaka mzima katika mche wa kahawa anajiona mdogo na elfu mbili yake. Msimamo wangu niliwahi kuusema kikaoni na sikupata wa kuniunga mkono: bati tupokee, tumwandikie risiti kama tunavyomwandikia Bibi Kuni, jina lake lisomwe katikati ya orodha kwa alfabeti, naye akae benchi kama sisi. Jirani mmoja alininong'oneza, “Ndugu mwandishi, kwa alfabeti huyo atakuwa wa mwisho, hatarudi.” Asirudi.

Kanisa kuu la jimbo letu, Mbinga, lina jina la Mtakatifu Kiliani, msimamizi wa Würzburg, jimbo rafiki la Ujerumani linalotusaidia tangu muda mfupi baada ya jimbo la Mbinga kuundwa mwaka 1986. Urafiki ule ni mzuri, na marafiki wale wanataka hesabu ya kila walichotoa. Wanapewa. Bibi Kuni naye anastahili apewe ya elfu mbili yake.

Ukipita Kigonsera siku ya Jumamosi alfajiri, shuka garini, uliza jumuiya iko kwa nani wiki hii. Mkeka upo, chai ya tangawizi ipo. Daftari litasomwa: mwezi huu tuna shilingi 42,500, deni la jeneza moja, na madebe mawili ya mahindi ya mjane ambayo bado hayajapelekwa.